Ubao Uliingia, Mimi Nikabaki Langoni

Tangu turudi, hakuna jirani aliyepita hapa kwetu mtaa wa Satellite, Nairobi, bila kusimama kwenye ua wa miti ya kayaba na kuuliza ilikuwaje. Mama amesimulia mara nyingi, na kila anaposimulia mawimbi yanaongezeka urefu. Jumapili iliyopita yalikuwa yamefika kimo cha mnara wa kanisa. Kwa hiyo nimekaa niandike mwenyewe, kwa ajili yenu mlioniuliza kwa nia njema, na pia nyinyi wawili mliouliza ili mpate la kucheka. Mambo ya nauli na tikiti nitayaruka, maana hayajawahi kumfurahisha mtu.

Kwa asiyenijua vizuri, mimi ni Njeri, na kwa miaka sita nilikuwa yaya wa familia moja ya Kizungu kule Lavington. Kila Agosti walikuwa wakinichukua Malindi nilinde watoto wawili wadogo mchangani, huku binti yao mkubwa akiingia baharini na ubao wake wa kupanda mawimbi. Alikuwa msichana peke yake katikati ya wavulana, na walimpisha kwa shida. Mwaka mmoja wadogo walipata homa wakabaki chumbani na mama yao. Binti akaniambia nilale juu ya ubao kwa tumbo, akanisukuma. Wimbi likanibeba hadi mchangani. Nilikuwa sijawahi kusukumwa mbele na kitu chochote maishani bila mimi mwenyewe kutoa jasho, na siku hiyo nilitamani jambo moja tu: kusimama. Agosti zilizofuata watoto walikuwa na afya njema kabisa.

Mwaka huu familia ilihama Kenya moja kwa moja. Nikabaki na juma moja kabla ya kuanza kazi mpya Westlands, kwa watu ambao walisema mapema kwamba likizo zao wanakwenda Ulaya na yaya anabaki kulinda nyumba. Nilijua nisiposimama juma hilo, sitasimama tena.

Lavington hadi Satellite, kwa miguu

Mama mwenye nyumba alinipa ubao siku ya mwisho, katikati ya maboksi. "Chukua, Njeri," alisema, "utapigia nguo pasi." Alisema kwa moyo mzuri, nami nikashukuru kwa moyo mzuri.

Ubao huo ni mrefu kuliko mimi. Nilijaribu kuubeba kichwani, upepo ukanigeuza. Mwishowe niliufunga kamba na kuubeba mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, vile mama zetu wanavyobeba kuni. Shida ni kwamba kuni zinakaa kwa upana, na ubao nao ukakaa kwa upana. Nikawa nimeziba barabara. Kwa mara ya kwanza magari ya Lavington yalinisubiri. Dereva mmoja alishusha kioo akapiga kelele, "Mama, geuka kando!" Nikageuka. Ubao ukageuka nami, ukaziba upande wa pili.

Penye kona, askari wawili wa mageti wakanisimamisha.

"Hii kitu ni ya nani?"

"Yangu."

"Sawa. Lakini ni ya nani?"

"Nimepewa."

"Sasa wewe utafanyia nini?"

"Nitasimama juu yake."

Wakatazamana. "Si usimame tu chini kama watu?" mmoja akauliza. Nikakaza kamba, nikaendelea na safari.

Nilipofika Kawangware, fundi wa samani alitoka nje ya kibanda akaupima kwa macho. Alisema ungetoa rafu tatu za vyombo, na kipande kikabaki. Mbele kidogo mzee mmoja alivua kofia na kuinamisha kichwa mpaka nikapita. Nilielewa alidhani ni kifuniko cha nini, lakini kumwita nimweleze kungekuwa kumvunjia heshima, kwa hiyo nikapita polepole zaidi.

Satellite, ambapo Mama alisafisha

Mama yangu ni mjane, ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hajawahi kuona uchafu akaupita. Nilimwachia ubao uani nikaenda dukani kununua mafuta ya taa. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti, ana kisu, karai la maji ya moto na sabuni ya mche.

"Njeri, hao watu wako walikuwa wanakaanga nini juu ya hii kitu?" aliniuliza. "Imeshika mafuta miaka yote. Nimekwangua hadi mkono umekufa ganzi."

Yale hayakuwa mafuta ya kupikia. Ilikuwa nta. Wapanda mawimbi huipaka tabaka juu ya tabaka ili miguu isiteleze, na binti yule alikuwa ameijenga kwa miaka. Sasa ubao uling'aa kama sahani ya wageni. Nilitaka kulia. Nilimwambia asante.

Nilipomweleza ninakwenda Malindi, alikamua kitambaa mpaka tone la mwisho. Kisha akasema, "Kusimama juu ya maji. Petro mwenyewe alizama."

"Najua, Mama."

"Na wewe si Petro. Wewe ni mfanyakazi wa nyumba. Hizo ni michezo za watu wenye dereva."

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikamwambia nitakwenda tu.

"Basi tunaenda wawili," akasema. "Msichana akienda pwani peke yake anarudi na mwenzake tumboni."

Westlands, kisha mjini

Kondakta wa basi la asubuhi alisema basi lake halibebi vifaa vya ujenzi. Aliyetuokoa ni Bwana Harjit, Kalasinga mwenye duka la vifaa Westlands, ambaye alikuwa ameleta saruji kwa jirani. Pikapu yake ilikuwa inarudi tupu.

"Hii nini, dada? Mbao ya nini?"

"Ya kupanda mawimbi, Bwana."

"Mawimbi ya wapi? Nairobi hapana mawimbi." Aliufikiria kidogo. "Haya, weka. Mama, panda mbele."

Mama akapanda mbele na kikapu chake. Mimi nikakaa nyuma, nimeukumbatia ubao. Tulipofika Westlands Bwana Harjit akasimama dukani kwake kupakia mabati ya kupeleka mjini, na binti yake Simran, wa umri wangu, akatoka kuhesabu mabati hayo. Alipomaliza hakurudi ndani. Aliweka kiganja juu ya ubao.

"Ukianguka, maji inauma?"

"Inaingia puani."

"Nilikuwa naogelea shule," akasema. "Nilikuwa namba moja. Halafu nikakua."

Alilisema kama mtu anavyosema aliwahi kuugua homa ya matumbo. Baba yake akaja akifuta mikono, akamwambia Mama kupitia dirishani, "Huyu msichana yangu anaogopa maji sana." Simran akaondoa kiganja juu ya ubao. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinishangaza. Mara ngapi nimewaona dada kama yeye nyuma ya kaunta nikadhani hakuna wanachokosa duniani.

Bwana Harjit alitushusha karibu kabisa na mabasi ya Mombasa, ingawa hakuwa na shughuli upande huo. Makanga waliufunga ubao juu ya basi, kati ya kitanda cha mtu na magunia ya kabichi. Walibishana kama ni mlango au ni mtumbwi. Waliposhindwa kukubaliana waliufunga kama mlango.

Mtito Andei, kwa kukaa

Basi liliharibikia Mtito Andei. Dereva alisema ni jambo dogo. Kwa wasiojua lugha ya madereva, maana yake tushuke na kutafuta kivuli.

Ubao ukashushwa ili fundi apate vyuma vilivyokuwa chini yake, na ulipowekwa juu ya mawe mawili ukawa meza kabla sijafungua kinywa. Mama mmoja wa Machakos akapanga chapati zake. Mwingine akaweka chupa ya chai. Mama akatoa viazi vitamu. Tulikula watu ambao hatukujuana, jua likituchoma wote kwa usawa, na nikiri kwamba ndicho chakula kitamu kuliko vyote vya safari ile.

Baadaye abiria mmoja mwenye koti jeusi akaona kuna mkutano na hakuna neno. Akapanda juu ya ubao, akafungua Biblia, akahubiri juu ya wanawali wapumbavu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimama juu ya ubao wangu, tangu uwe wangu, alikuwa mhubiri, nchi kavu, na viatu miguuni. Mama ndiye aliyemkatiza.

"Baba mchungaji, tafadhali shuka. Nimeosha hiyo kitu."

Kilifi, na maoni ya Mama kuhusu bahari

Tulilala Kisauni, Mombasa, kwa mama mmoja wa kanisa. Asubuhi akatuandalia mahamri na mbaazi za nazi. Mama alionja, akaniuliza kwa Kikuyu kwa nini wametia maziwa kwenye maharagwe. Nilimweleza ni nazi. Akasema hata kama ni nazi, angetuambia mapema. Kisha akamaliza sahani, akaongezewa.

Bahari yenyewe aliiona vizuri kwenye kivuko cha Kilifi, maana daraja bado halijajengwa. Abiria wote walishuka, pantoni ikasubiriwa, watu wakaushangaa ubao wangu. Mama alisimama ukingoni ameshika kikapu kwa mikono miwili. Nilimwacha, nikidhani anaomba.

"Yote hii," akasema mwishoni, "na hakuna mtu analima."

Malindi, langoni

Ufuo ni wa umma. Hilo kila mtu Malindi analikubali, hata askari wa hoteli. Ila njia za kuufikia zina wenyewe. Kichochoro tulichokuwa tukipita zamani na watoto kilikuwa kimezibwa kwa seng'enge. Ikabaki kupitia langoni.

Askari alipoona ubao aliukimbilia kwa bashasha. "Wa wageni huu? Mbona mmechelewa?" Kabla sijajibu alikuwa ameupokea, akamkabidhi mchukuzi, na mchukuzi akapotea nao kwenye bustani. Mimi nikaufuata. Askari akanyoosha mkono kunizuia.

"Wewe baki hapo. Wasichana hawaingii bila mgeni."

"Ubao ni wangu."

"Ubao umeingia," akanijibu, kama mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake.

Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri la maua. Kwa macho yake, msichana mweusi mwenye gauni zuri kwenye lango la hoteli alikuwa na kazi moja tu. Mama hakuelewa kazi hiyo ni ipi, na sikumweleza. Nilisimama pale juani nikasikia hasira ikipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimetoka Nairobi na ubao mgongoni, na sasa ubao uko ndani unapepewa na minazi, mimi niko nje.

Mama akafungua kikapu. Chini ya viazi vitamu akatoa sare ya kazi mpya, bluu, kola nyeupe, ambayo waajiri walinipa niende nayo nyumbani niipime. Alikuwa ameibeba kwa sababu nyumbani kuna panya.

"Vaa hii," akasema.

"Mama, sitaki."

"Mimi pia sitaki. Vaa."

Nikabadilisha nguo nyuma ya kibanda cha madafu, nikarudi kwenye lango lile lile, kwa askari yule yule. Alinitazama, au tuseme aliitazama kola. "Pita," akasema. Nikapita. Nyuma yangu nilimsikia Mama akimuuliza yeye ni mtu wa wapi, naye askari akasema Limuru. Kwetu maulizo hayo yakianza, mtu akate tamaa ya kwenda popote kabla hajatajwa babu yake.

Malindi, majini

Ubao wangu niliukuta chini ya Mzungu mmoja mnene, mwekundu, ambaye alikuwa akianguka kwa furaha kubwa. Mwenye zamu ya mbao za hoteli alikuwa Katana, mtu wa pale pale Malindi, mabega kama ya mbeba magunia. Nilimwambia ubao ule ni wangu.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Basi subiri mgeni amalize, dada. Na ukitaka kulowa, lowa hapa kando. Huko nyuma, mawimbi yanakoanzia, ni pa wanaume."

Nikasubiri. Nilipokuwa nikisubiri, mgeni mmoja aliniagiza maji ya machungwa na mwingine akanipa viatu vyake nivishike. Nilivishika.

Halafu Mzungu mnene akaanguka vibaya, na wimbi likauleta ubao mchangani, hadi miguuni pangu. Nikaviweka viatu chini, nikauokota. Hakuna aliyeshtuka. Yaya akiokota kitu cha mgeni, nani atashtuka? Nikaingia nao majini. Mgeni mwenyewe akaja akitembea kwenye povu, ananyoosha mikono kuupokea, anatabasamu, anasema "Asante, asante sana." Nami nikamwitikia "Karibu" kwa adabu, nikampita. Nilipogeuka alikuwa bado ameinyoosha ile mikono.

Kule nyuma kuna foleni, ingawa huwezi kuiona. Wageni wanaanza. Wenyeji wanaofundisha wageni wanafuata. Baada ya hapo foleni imekwisha, na mimi nilikuwa baada ya hapo. Kila wimbi nililolishika, mtu alitokea pembeni akaliingilia mbele yangu. Na kila nilipojaribu kuinuka, miguu iliteleza kama juu ya sakafu iliyopigwa deki, nami nikaenda chini na sare ikanifunika uso. Nilikunywa maji mengi. Nilianza kufikiri kwamba labda Mama na askari wa Lavington waliona mbali.

Katana alikuja akipiga makasia kwa mikono, amekasirika, kunitoa. Akafika, akaweka kiganja juu ya ubao, na uso wake ukabadilika.

"Nta iko wapi?"

"Ilisafishwa."

"Nani kasafisha?"

"Mama yangu. Kwa kisu."

Akaupapasa ubao kutoka ncha hadi ncha. Sijui kama ni huruma au ni uchungu wa fundi kuona chombo kimeharibiwa. Akatoa kipande cha mshumaa kwenye bukta, mshumaa wa kawaida wa dukani, akausugua ubao wangu huku tukipanda na kushuka na maji. "Sisi hatuna ile ya Ulaya," akasema. "Hii inashika." Alipomaliza, wimbi lilikuwa linakuja, na kijana mmoja Mwitaliano alikuwa tayari analigeukia. Katana akampigia ukelele kwa Kitaliano. Neno lenyewe silijui, lakini kijana aliacha. "Haya, dada," Katana akaniambia, "lako hilo. Usipolichukua sikupi jingine."

Nikapiga mikono. Wimbi likanishika kisigino, vile vile kama siku ile niliyolala kwa tumbo. Nikaweka mguu mmoja. Nikaweka wa pili. Miguu ikashika.

Nilisimama. Sikupinda wala sikugeuka wala sikufanya madoido yoyote. Nilisimama wima kama mtu anayesubiri basi, sare bluu imenigandia mwilini, maji yote ya Malindi yakikimbia chini yangu kuelekea nchi kavu na mimi nikiwa juu. Nilifurahi hadi nikapiga kelele, na kelele zenyewe zilikuwa za Kikuyu.

Nikafika mchangani nimepiga magoti. Mbele yangu alikuwa amesimama mama mmoja wa Nairobi, Mwafrika mwenzetu kabisa, miwani ya jua kichwani, leso mpya kiunoni. Nilidhani amekuja kunipongeza.

"Wewe yaya! Unacheza na maji, na watoto umewaacha na nani? Wako wapi?"

Sitawadanganya. Niligeuka kuwatafuta. Miaka sita si mchezo. Nilitazama mchanga wote kwa hofu, nikihesabu vichwa vidogo, kabla ya kukumbuka kwamba sikuwa na watoto wowote.

Mama alikuwa amekaa chini ya mwavuli wa hoteli, kwenye kiti. Yule askari wa Limuru alikuwa mtoto wa mtu aliyesoma na mjomba wa Mama, na ndiye aliyemwingiza na kumletea kiti. Akainuka taratibu, akaja na kikapu chake, akasimama kati yangu na yule mama.

"Mtoto ni huyu," akasema. "Mimi ndiye nimemleta."

Mama hakungoja jibu. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, kile cha kanisani ambacho sijawahi kumwona akikivua mbele ya watu, akaniinamia na kuanza kunifuta nywele, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta nikinyeshewa utotoni. Nilikuwa nalia na sikujali nani anaona. Alinisugua hivyo mpaka nywele zikakauka, na masikio yaliniuma hadi Mombasa.